Tazameni Tundu Kabla ya Kununua Waya

Katika nyumba nyingi za miji yetu, Bukavu au Lubumbashi, hutokea jambo hili. Mtoto mkubwa anayejitayarisha kwa Mtihani wa Serikali amepata masomo yake katika laptopu, ile kompyuta ndogo ya kukunja. Wadogo zake wataka kutazama pia, na mama naye yupo. Basi vichwa vitano vyasongamana mbele ya kioo cha sentimita 38 kutoka pembe hata pembe, na aliye pembeni haoni kitu. Kumbe, pale ukutani televisheni ya sentimita 102 imenyamaza. Baba asema: «Kesho nitanunua waya.» Kesho yake fedha ya chakula yaenda sokoni, nayo yarudi na waya usioingia po pote.

Basi, kabla ya kutoka nyumbani, itazameni televisheni kwa nyuma, kisha mbavu zote mbili za laptopu. Mwenye simu ya kamera apige picha ya matundu yote, akamwonyeshe muuzaji. Kazi hii ni ya dakika tano.

Tundu la kutafuta kwanza ni lile liitwalo HDMI. Ni bapa, upana wake karibu milimita 14, na pembe zake mbili za chini zimekatwa. Kanuni zake zilitolewa mwezi wa Desemba 2002 na makampuni saba yaliyoshirikiana, kati yake Sony, Philips na Toshiba. Ndani yake mna vidole 19 vya chuma, navyo hupitisha picha na sauti pamoja. Ikiwa tundu hili liko pande zote mbili, mmebahatika: nunueni waya mmoja wa HDMI, wa mita 2 au 3, wala msishawishike na ule wa bei kubwa kwa sababu umepakwa rangi ya dhahabu. Kwa urefu huo, waya wa kawaida watosha.

Laptopu za zamani zina tundu jingine, mara nyingi la rangi ya buluu, lenye vishimo 15 katika safu tatu. Hilo ni VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Hupitisha picha tu, sauti haipiti. Laptopu mpya nazo huwa na tundu dogo la mviringo mrefu, USB-C. Hapa angalieni sana, kwa maana si kila USB-C yapitisha picha. Nyingine ni za kutia umeme na kuhamisha mafaili tu. Someni karatasi za mashini yenyewe kabla ya kutoa fedha.

Na ile televisheni ya zamani, yenye chogo kubwa nyuma na matundu matatu ya manjano, nyeupe na nyekundu? Yawezekana kuiunganisha, kwa kisanduku kidogo cha kugeuza picha. Lakini visanduku hivyo ni vya aina mbili, navyo hufanana kama mapacha: kimoja hutoa HDMI kwenda rangi tatu, kingine hutoa rangi tatu kwenda HDMI. Ninyi mwahitaji cha kwanza. Cha pili hakitafanya kazi hata mkikibembeleza usiku kucha. Tena kina swichi ya PAL na NTSC. Mkiona picha haina rangi au yatetemeka, isogezeni upande wa pili.

Hata hivyo, kwa masomo ya mtoto sishauri kununua kisanduku hicho. Televisheni ya chogo huchora picha kwa mistari 576 tu kwa PAL, na 480 kwa NTSC, lakini laptopu nyingi zina mistari 768 au 1080. Nyuso za watu zitaonekana vema. Maandishi madogo ya hesabu yatakuwa ukungu mtupu. Kwa sinema ya arusi yafaa, kwa kitabu haifai. Na kama haja yenu ni sinema ya arusi tu, na televisheni yenu ni bapa yenye tundu la USB, mara nyingi hakuna haja ya waya wo wote: itieni sinema katika flash, mkaichomeke flash katika televisheni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chomekeni waya huku vyombo vyote viwili vimezimwa. Matundu ya HDMI ya televisheni yana namba. Ikumbukeni namba mliyoitumia. Washeni vyote viwili, mbonyeze SOURCE katika rimoti, au INPUT katika rimoti nyingine, mchague namba ile ile. Hapa ndipo wengi hukwama, wakamrudia muuzaji kwa hasira, na waya ni mzima.

Katika laptopu yenye Windows, bonyezeni kidude chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Kama mashini yasema Kifaransa, chagueni «Dupliquer», na picha itakuwa pande zote mbili. «Étendre» huifanya televisheni kuwa kama meza ya pili kando ya ile ya kwanza. Sauti ikibaki katika laptopu, bonyezeni picha ya kipaza sauti pale chini, mchague jina la televisheni. Msifunge kifuniko, maana kwa kawaida laptopu itasinzia, na picha itapotea.

Kumbukeni pia ya kwamba kwa «Dupliquer» yote yaliyo katika laptopu yaweza kuonekana sebuleni, hata barua ya deni. Baba na mama wafunge kwanza mambo yao, ndipo watoto waitwe.

Umeme ukikatika, laptopu yaendelea kwa betri yake, na somo litarudi katika kioo kidogo. Wakati huo chomoeni televisheni ukutani, msiirudishe mpaka umeme uliorudi umetulia, maana mara nyingine hurudi kwa nguvu nyingi ukaunguza vyombo. Na wakati wa kuchomoa waya wa HDMI, shikeni kichwa chake, msiuvute kwa uzi. Tundu la laptopu likilegea, fundi atalifungua na kulichomelea upya, na malipo yake hupita sana bei ya waya.