Mahari Ni Yako, Fungu Ni Lako: Tumjue Jaji Mwalusanya



Ukifika msimu wa ukeketaji, aghalabu Disemba, wasichana wa Mugumu na vijiji vya Serengeti hukimbilia nyumba salama. Msichana akishakeketwa huhesabiwa ameiva kuolewa, na akiolewa ng'ombe huingia zizini kwa baba yake. Sheria inakataza tangu 1998: anayemkeketa mtoto chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Ukiuliza kwa nini yanaendelea, jibu ni moja: mila.

Huku visiwani wapo wanaotikisa vichwa na kusema, "Maskini, watu wa bara hao!" Leo nawajibu hao, na nitaanza na jaji.

James Mwalusanya alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu Mwanza, enzi ambazo mashauri ya Mara nayo yalipelekwa huko. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya, Kagera, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wasia. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo akamshitaki kwamba mila yao, iliyoandikwa rasmi serikalini mwaka 1963, haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo na kuamuru pesa zirudishwe. Mama yule hakukaa kimya, na mwisho kesi ikafika kwa Mwalusanya.

Februari 1990 jaji akaamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi, na mila inayoupinga msingi huo haina nguvu. Mwanamke auze alichorithi kama anavyouza mwanamume.

Huyu hakuwa mtu wa kufuata upepo. Mwaka 1994, Dodoma, alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Hapo sisi Waislamu tuna la kusema, maana kisasi kina hukumu yake katika dini. Lakini katika haki ya mwanamke alisimama pahala ambapo wengi wetu tunapakimbia.

Sasa turudi nyumbani. Suratun Nisaa imetaja fungu la mtoto wa kike karne 14 zilizopita. Imesema mahari apewe mke mwenyewe; si baba, si mjomba. Hatukuhitaji Katiba kutufundisha hayo. Basi kwa nini mahari yanatajwa kwa sauti mbele ya watu, kisha bibi harusi hayaoni mkononi? Kwa nini baba akifa, dada wanaambiwa, "Waachieni kaka zenu nyumba, nyinyi mna waume"? Hiyo ni mila ile ile ya ukoo, ila ya kwetu imevaa kanzu.

Na anayedai fungu lake huitwa mroho, hana haya, anavunja udugu. Wallahi, anayevunja udugu ni anayekula haki ya dada yake!

Somo atakukalisha mkekani akufunze liwa, udi na namna ya kumpokea mume. Yote mazuri. Lakini amekufunza kuhesabu fungu lako? Kabla ya nikaha, hakikisha mahari yameandikwa kwenye cheti: kiasi gani, kilicholipwa na kilichobaki. Mzazi akifariki, mirathi igawiwe mapema kwa hesabu ya sheria. Ukitaka kumsamehe kaka yako fungu lako, msamehe baada ya kulishika mkononi, kwa ridhaa yako, si kwa kuonewa haya. Na ikishindikana, Mahakama ya Kadhi ipo; kwenda si aibu.

Msichana wa Mugumu anakimbia usiku porini kuokoa mwili wake. Wewe unashindwa kusema neno moja sebuleni kwenu?

Allah atupe ujasiri wa kudai haki na insafu ya kuitoa. Amin.