Nani Ailee Programu Huria? Swali kwa Mafundi wa Tovuti Kagera

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kati ya zile zinazoendesha blogu na tovuti, inayotamba ni WordPress, iliyotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little baada ya programu iliyoitangulia, b2, kutelekezwa na mwanzilishi wake. Kwa fundi wa Rwamishenye aliyeombwa tovuti na shule ya Muleba au hoteli ya Bukoba, mvuto wake hauhitaji maelezo, kwani hailipiwi. Kinachohitaji kupimwa ni iwapo fundi huyo anadaiwa chochote na jumuiya iliyoitengeneza, na iwapo Kagera inanufaika vya kutosha kwa kuwa mtumiaji tu.

Ubure wenyewe ni nusu ya ukweli, kwa sababu jina la tovuti na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza wenye blogu Tanzania shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka, mzigo ambao ubure wa programu hauupunguzi. Faida ya kweli iko kwingine. Blogu nyingi za kizazi cha kwanza, ikiwamo ya Issa Michuzi iliyoanza mwaka 2005, zilikaa Blogspot, ambayo ni mali ya Google, ilhali mwenye tovuti ya programu huria anaweza kufungasha maandishi na picha zake akahamia seva nyingine bila kumwomba mtu ruhusa.

Hata hivyo, uhuru huo una mlango mmoja mwembamba. Septemba 2024, Mullenweg, anayemiliki tovuti ya WordPress.org ambako masasisho na programu-jalizi (vipande vya kuongezea kazi) hupatikana, aliifungia WP Engine, kampuni inayowapangishia wateja nafasi kwenye seva, katika mgogoro wa alama ya biashara, na wateja wa kampuni hiyo, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakakatiwa njia ya kawaida ya masasisho. Desemba mahakama ya Marekani iliamuru njia hiyo ifunguliwe. Shule ya Muleba inapita mlango huohuo, ila haina sauti kuuhusu.

Kagera si mgeni wa kuwa na sauti katika mali ya pamoja. Mkulima wa kahawa alijiunga na chama cha msingi chini ya Bukoba Native Co-operative Union, iliyoanza mwaka 1950, akapata kura; katika jumuiya ya programu huria hakuna hisa, na uzito wa neno la mtu hutokana na kazi aliyoifanya, iwe kuripoti hitilafu, kuandika msimbo au kutafsiri. Kiswahili ndicho kinachodai kazi hiyo zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, mwaka 2004, lakini tafsiri haina mwisho, maana kila toleo huja na maneno mapya, na mradi wenye tarehe ya kufungwa hauwezi kuibeba peke yake.

Pingamizi la haki ni kwamba kijana anayehesabu bando hapaswi kujitolea kwa ajili ya programu inayoziingizia kampuni za ughaibuni mamilioni ya dola, huku baadhi ya wachangiaji wakilipwa mishahara na kampuni hizo. Pingamizi hilo linaonyesha ni nani alipe, wala haliifuti kazi yenyewe. Wanaoagiza tovuti, yaani shule, hoteli na vyama vya ushirika, hulipia ujenzi na kusahau matunzo. Mkataba unaotenga saa chache kila mwezi kwa masasisho na tafsiri ungempa fundi kipato na ungeipa Kagera mtu anayejulikana ndani ya jumuiya. Jumuiya hiyo haiko mbali: ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Waganda wameandaa WordCamp, mikutano ya watumiaji na wajenzi wa programu hiyo, hadi Masaka, mji ulio karibu zaidi na Bukoba kuliko ilivyo Dar es Salaam.