MPASUA MBAO ALIYE PEKE YAKE NI MALI YA MWENYE FEDHA

Ndugu wapasua mbao, wachukuzi, maseremala na wauza mbao wa Kisangani!

Kila siku mbao zaingia mjini mwetu. Zatoka njia ya Bafwasende, zatoka Banalia, Ubundu na Opala. Nyingine zaja kwa mto kutoka Isangi. Zimepasuliwa na nani? Na watoto wa nchi hii. Zimebebwa kichwani na nani, kutoka porini mpaka barabarani? Na watoto wa nchi hii. Lakini mbao hizo zikifika Kinshasa, au zikipita Bunia na Beni kwenda Uganda na Kenya, ni nani anayehesabu faida? Jibu mwalijua, na ndiyo sababu twaandika.

Tuseme wazi jinsi unyonyaji unavyofanyika. Mpasuaji hana fedha ya mafuta wala ya mnyororo wa msumeno. Mwenye fedha anakuja, tena na tabasamu, anamkopesha. Siku ile ile bei ya mbao imekwisha kukatwa, na aliyeikata siye atakayeukata mti! Mpasuaji akirudi kutoka porini, deni limekaa mlangoni likimngoja. Akisema atatafuta mnunuzi mwingine, anaambiwa: lipa kwanza. Basi anauza kwa hasara, na kesho anakopa tena. Je, huu ni uhuru?

Kisha kuna barieri. Mtu mmoja na gari la kukodi, mbao zinalowa mvua, dereva anapiga kelele: atabishana na nani? Atalipa kodi ya halali, na atalipa nyingine isiyo na risiti.

Wengine watasema kosa ni la serikali. Serikali ina makosa yake, nasi hatutayaficha. Tangu amri ya mwaka 1885, iliyozifanya ardhi zilizoitwa tupu kuwa mali ya dola, mpaka Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, msitu umebaki mali ya dola. Kampuni kubwa hupewa mkataba wa miaka 25. Mpasuaji mdogo hupewa kibali cha mwaka mmoja, kama atakipata. Twadai vibali vitolewe kwa wakati, bei ibandikwe mlangoni mwa ofisi, na kila franka iwe na risiti yake. Lakini nani atakwenda kudai? Mtu mmoja akibisha hodi kwa gavana wa jimbo ataambiwa arudi kesho. Watu mia wakija na karatasi moja, kesho hiyo itakuwa leo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na msiseme kwamba njia imefungwa. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA mwaka 2012. Sheria ya ushirika ya umoja huo, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, yasema watu watano watosha kuanzisha chama kidogo cha ushirika, na kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hisa mia. Watano tu! Nani kati yetu hawajui wapasuaji watano?

Tena amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yairuhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake, hata hekta 50,000, milele. Huko Bafwasende jamii kadhaa zimekwisha kupata. Wapasuaji wenye chama waweza kufanya mapatano na jamii hizo, wakakata kwa haki na kwa karatasi safi. Mpasuaji asiye na chama ataingia msituni usiku kama mwizi, ingawa ni nchi ya babu zake.

Karatasi si jambo dogo. Mti wa afromosia, ambao wageni wanautamani sana, umo katika orodha ya CITES tangu mwaka 1992. Mbao zake hazivuki mpaka wa nchi bila kibali. Maskini mmoja atakipata wapi? Basi anamwuzia mwenye kibali, kwa bei ya mwenye kibali.

Tazameni wenzetu wa Kilwa, Tanzania. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kinachoshuhudia kwamba msitu unavunwa vizuri. Msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji ulikuwa haujapata cheti hicho popote Afrika. Nacho kilikuwa cheti cha kundi, si cha mtu mmoja. Wao ni watu kama sisi.

Twajua mtakalojibu: “Mweka hazina atakula fedha.” Ni kweli, tumeviona vyama vya kibao na muhuri, vyenye rais na makamu wa rais, vinavyongoja fedha za mradi, mradi ukiisha, na chama kimekufa. Hivyo si ushirika. Anzeni na fedha zenu wenyewe, hata kidogo. Nunueni pipa moja la mafuta pamoja, ili msikope. Jengeni banda moja la kuweka mbao, ili msiuze siku ya shida. Kodini gari moja, mpite barieri pamoja, mkiandika jina la kila anayepokea na kiasi alichopokea. Sahihi mbili kwa kila fedha inayotoka. Hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya mgeni ilishuka. Lakini mtu asiyepanga bei ya jasho lake bado hajaliona tunda la siku ile. Jumapili hii, kaeni watano. Msumeno tunao, sasa tulishike na daftari.

UMOJA NI NGUVU!