MSICHANA AWE MAKANIKA? MBONA ASIWE!

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Waliohudhuria mjadala wetu wa muhula wa pili bila shaka wanaikumbuka hoja iliyowasha moto ukumbini: "Kazi ya umakanika haimfai msichana." Waliounga mkono walipigiwa makofi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Ati msichana hana nguvu! Ati atachafuka! Ati nani atamwoa akinuka grisi! Kengele ya maakuli ikalia kabla wengi wetu hatujapewa nafasi ya kusema. Sasa Mhariri amenipa ukurasa huu, nami nitazijibu hoja hizo moja baada ya nyingine, bila hasira wala matusi.

Tuanze na nguvu. Msemaji mmoja alidai kwamba nati ya gurudumu humtoa jasho hata mwanamume, sembuse msichana. Tafadhali ndugu yangu, turudi kidogo kwenye Fizikia. Tumefundishwa kwamba nguvu ya kuzungusha kitu hupatikana kwa kuzidisha kani na urefu wa mkono unaozungusha. Chukua spana ya sentimita 25, uisukume kwa kani ya newtoni 200. Utapata newtoni-mita 50, na nati haitatikisika, maana nati za magari mengi madogo hukazwa kwa takriban newtoni-mita 100. Sasa chomeka bomba la chuma kwenye spana hiyo, mkono uwe na urefu wa sentimita 75. Sukuma kwa kani ile ile. Utapata newtoni-mita 150, na nati italegea huku ikipiga kelele! (Bomba ni la kulegezea tu. Ukilitumia kukazia, utaikata bolti.)

Na hizo newtoni 200 ni kitu gani? Ni kama uzito wa mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Sasa nawauliza nyinyi mliopiga makofi: huko nyumbani, nani hubeba mtungi huo kutoka mtoni au kwenye bomba la kijiji? Si ni mama na dada zenu? Mbona nguvu za msichana huonekana akipanda kilima na maji mgongoni, halafu hupotea akifika mlangoni pa gereji?

Isitoshe, hakuna makanika anayeinua gari kwa mikono. Gari huinuliwa kwa jeki. Injini ya gari hata dogo inaweza kuzidi kilo 100, nayo hutolewa kwa minyororo na puli. Mwanamume anayejaribu kuiinua peke yake ili aonyeshe misuli hataishia kwenye ushujaa, ataishia hospitalini akilalamika mgongo.

Hoja ya pili ilikuwa ya uchafu. Naam, makanika huchafuka. Hilo sitalipinga. Lakini kwani anayepalilia shamba hachafuki? Anayepakua majivu jikoni na kuosha masufuria yenye masizi, yeye hung'ara? Kuna ovaroli, kuna sabuni, kuna maji. Grisi hutoka kwa sabuni, lakini umaskini hautoki kwa sabuni. Na huyo mchumba atakayemkimbia msichana kwa sababu ana kazi yake na hela zake, acha akimbie, tena asiangalie nyuma.

Hoja ya tatu ilisema kwamba tangu jadi magari ni mambo ya wanaume. Hapa historia yenyewe inakataa. Mnamo Agosti 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz alichukua gari lililoundwa na mumewe, Karl Benz, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Ilikuwa ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli duniani. Njiani bomba la mafuta liliziba. Je, aliketi kando ya njia akingoja mwanamume? La hasha! Alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipoanza kuisha, alimwendea fundi wa viatu akawekewa ngozi. Kwa hivyo, miongoni mwa makanika wa kwanza kabisa wa barabarani alikuwa mama wa watoto.

Hata watu wa majumba ya kifalme hawakuionea haya kazi hii. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili vikielekea mwisho, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi akafunzwa kuendesha na kutengeneza malori. Ni huyo huyo aliyekuwa hapa kwetu Kenya, karibu na Nyeri, mnamo Februari 1952, babake alipofariki naye akawa malkia. Ikiwa binti mfalme alishika spana, sembuse binti wa mkulima?

Lakini wenzangu, nadhani kosa kubwa la wapinzani wetu ni kutoielewa kazi yenyewe. Wao huona nyundo na jasho tu. Makanika hasa ni kama daktari. Kwanza anasikiliza, ananusa, anatazama. Moshi wa buluu ukitoka nyuma ya gari, anajua injini inaunguza oili. Moshi mweusi humwambia kwamba petroli au dizeli inaingia kupita kiasi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto, huenda maji yanavuja ndani ya injini. Akichomoa kijiti cha kupimia oili na kuiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, anashuku kwamba gasketi imeungua na maji yamechanganyika na oili. Haya yote yanahitaji macho makini na kichwa kilichotulia. Nani alisema macho na kichwa ni mali ya wavulana?

Tena ni kazi ya roho za watu. Sisi tunaoijua barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret hatuhitaji kufundishwa maana ya breki. Mteremko wa Salgaa umewaliza wengi. Lori lenye mzigo likishuka huku dereva amekanyaga breki muda wote badala ya kutumia gia nzito, breki hupata moto na kushindwa kushika. Ikiwa zilikuwa zimechakaa tangu mwanzo, mambo huwa mabaya zaidi. Fundi anayeona breki zimeisha na kusema "hii itasukuma wiki moja" anacheza na maisha ya abiria. Abiria wa matatu hawaulizi aliyekaza nati alikuwa mwanamume au mwanamke. Wanachotaka ni kufika.

Na kazi ipo. Magari mengi tunayoyaona nchini yaliingizwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na sheria yetu huruhusu gari lisilozidi miaka 8. Gari la namna hiyo halikosi kuhitaji fundi. Zaidi ya hayo, magari ya siku hizi yana kompyuta ndani, nazo pikipiki na mabasi ya umeme yameanza kupita mijini mwetu. Fundi wa leo huchomeka mashine ya kupimia, husoma namba ya hitilafu, kisha hufikiri. Anayekimbilia misuli pekee ataachwa nyuma, awe wa kiume au wa kike.

Nisiwadanganye lakini, wasichana wenzangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa gari mna taabu zake. Radieta ikifunguliwa ikiwa moto huweza kukubabua uso. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila vyuma vya kulishikilia huweza kukuangukia. Tindikali ya betri hula nguo na ngozi. Oili kuukuu si ya kuachwa mikononi siku nzima. Nywele ndefu hufungwa, pete huvuliwa. Hayo ni ya wote, msichana na mvulana.

Kuna taabu nyingine ambayo ni ya msichana peke yake, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Binti ya shangazi yangu alisomea ufundi wa magari chuoni. Ulipofika wakati wa kwenda kujifunza kazini, alichukua barua yake akaenda gereji moja mjini. Mwenye gereji hata hakuifungua. "Hapa hatuhitaji sekretari," akamwambia. Gereji ya pili ilimpokea, lakini kwa wiki tatu alikuwa wa kupika chai na kuandika risiti, ilhali wavulana wawili aliokuja nao kutoka darasa lile lile walikuwa chini ya magari tangu siku ya kwanza. Kijitabu chake cha kuandikia kazi za kila siku kikabaki kitupu. Angeandika nini? "Leo nimepika chai"? Na bila kijitabu hicho kujazwa, chuo hakimpitishi. Mwishowe fundi mmoja mzee alimwita, akampa breki za matatu azifungue huku yeye amesimama kando. Alizifungua, akazisafisha, akazirudisha. Tangu siku hiyo chai ilipikwa kwa zamu.

Mnaona sasa? Nguvu alikuwa nazo, akili alikuwa nayo, karo shangazi alilipa kwa kuuza ng'ombe. Kilichokaribia kumwangusha ni kunyimwa spana. Hata jina tunalomwita anayejifunza kazi gerejini, "spanaboi", linambagua msichana kabla hajabisha hodi. Halafu watu husema, "Mbona hatuwaoni wasichana gerejini?" Utawaonaje, na mlango mmeufunga nyinyi wenyewe?

Wala hili si jambo la jana. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza kwa sifa tele kwamba utampa kila mtoto ujuzi wa mikono. Mwaka huo huo, mnamo Julai, wanawake kutoka pembe zote za dunia walikutana jijini Nairobi kuzungumzia haki na maendeleo yao. Lakini shuleni, mara nyingi ufundi ulipelekwa kwa wavulana na wasichana wakaonyeshwa njia ya Sayansi Kimu. Leo tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 27 inawapa wanawake na wanaume haki ya nafasi sawa, hata katika mambo ya uchumi. Katiba ni nzuri. Ila Katiba haiwezi kumkabidhi mtu spana. Ni watu wanaomkabidhi.

Kwa hivyo nina maombi machache. Kwa walimu wetu wa ushauri wa kazi: msichana akija kuuliza kuhusu ufundi wa magari, msimcheke wala msimgeuzie maneno. Mwambieni ukweli. Mwambieni kwamba kwa diploma huhitajika C ya kutoa katika KCSE, na kwa cheti cha ufundi D. Mwambieni pia kwamba hata aliyejifunzia kazi kwenye jua kali anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, akapata karatasi ya kumtetea. Na siku ya kuwaalika wageni wa kutuzungumzia kuhusu kazi, pamoja na daktari na wakili, mleteni pia makanika. Akiwa mwanamke, ndio bora zaidi.

Kwa wavulana: gari la shule likipata pancha safarini, msiwasukume dada zenu kando mkisema "ngojeni huko kivulini". Mpeni mmoja jeki, mwingine spana. Mtapoteza dakika kumi tu.

Kwa wazazi watakaosoma jarida hili siku ya wazazi: kazi mbi si mchezo mwema, na hii hata si kazi mbi. Ukiwa tayari kumlipia kijana wako karo ya ufundi, mpe na bintiyo nafasi ile ile.

Na kwenu wasichana wenzangu: sisemi kila mmoja wetu awe makanika. Wapo watakaokuwa wauguzi, walimu, marubani, na hayo ni mema. Ninachosema ni kwamba anayeitaka kazi hii asiiache kwa sababu ya makofi ya ukumbini. Nenda na barua yako. Mlango wa kwanza ukifungwa, bisha wa pili. Ukipewa birika la chai, pika siku moja kwa heshima, kisha useme wazi: "Mzee, mimi nimekuja kujifunza gari."

Muhula ujao nawaomba viongozi wa Chama wairudishe hoja ile ukumbini. Safari hii tuanze mapema, kabla ya kengele ya maakuli. Hapa naiweka kalamu chini. Wasalaam.