Albamu Isiyo na Maneno na Ukimya wa Wahakiki wa Kiswahili

Mhakiki wa Kiswahili anapokabidhiwa wimbo, hutafuta maneno kwanza. Huyanakili, huyapanga katika beti, huhesabu mizani, kisha huanza kusaka jazanda na dhamira. Ndivyo taarab ilivyohakikiwa, na ndivyo muziki wa kizazi kipya ulivyoingia katika tasnifu zinazorundikana kwenye maktaba za vyuo vyetu. Basi akikabidhiwa albamu isiyoimbwa hata neno moja, afanyeje?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2020 kampuni ya Editions Mego ya Vienna, Austria, ilitoa Peel, kazi ya Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi ajulikanaye kisanii kama KMRU. Ilitolewa kwa santuri mbili. Ina vipande sita tu, navyo huchukua zaidi ya saa moja. Cha mwisho, kilichoipa albamu jina, kinazidi dakika 20. Hamna mwimbaji, hamna ngoma, hamna kiitikio. Zimo sauti zilizonaswa katika mazingira ya kawaida, zikarefushwa, zikatandazwa na kufunikwa kwa mivumo ya mitambo, hata msikilizaji asitambue ipi ni sauti ya barabara na ipi imezaliwa ndani ya kompyuta.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa sifa. Wengi waliipanga katika muziki wa mazingira, aina iliyopewa jina na Brian Eno wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakautazama ulimwengu wa Kamaru kwa darubini hiyo. Hapana kosa kubwa katika hilo. Kila mhakiki huanzia anapopajua. Ajabu ni kwamba anayekijua chanzo cha sauti hizo, yaani msomi anayeishi papa hapa Nairobi, hakusema kitu. Ni vigumu mno kupata uhakiki wa kazi hiyo ulioandikwa kwa Kiswahili.

Ukimya huu unashangaza zaidi ukikumbuka nasaba. Kamaru alipewa jina la babu yake, Joseph Kamaru, nguli wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno: methali, mafumbo na kejeli. Wimbo wake kuhusu J. M. Kariuki, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1975, ulipigwa marufuku. Mjukuu, ambaye pia amejitwika kazi ya kuzitoa upya nyimbo za babu, ameyaacha maneno kabisa katika albamu hii. Je, amekimbia urithi, au ameupeleka mahali ambapo mdhibiti hana cha kufuta? Hilo ni swali la kifasihi kwa kila hali.

Wapo watakaosema kwamba huo si muziki bali ni kelele zilizopangwa. Wasomaji wa jarida hili wamewahi kuisikia hoja ya namna hiyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alipingwa vikali na walioamini kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Leo tungo zake hutahiniwa. Ngoma katika muziki wa Kiafrika imekuwa kama vina katika ushairi: anayeiacha hutakiwa kwanza athibitishe uraia wake.

Wengine watadai kwamba idara ya Kiswahili si idara ya muziki. Dai hili lina uzito kidogo, lakini linasahau kwamba Kiswahili kina hazina ya maneno ya sauti ambayo mhakiki wa Kiingereza angeitamani. Mvumo si mngurumo, mngurumo si mtutumo, na mtutumo si mwangwi. Kipo kitenzi kuhanikiza, yaani sauti kujaa mahali pote hata nyingine zisisikike. Kitenzi hicho kimoja kinaeleza nusu ya Peel. Kipo kuchakacha, mlio wa vitu vikavu visuguanapo, ambalo pia ni jina la ngoma ya pwani. Wanafunzi hukaririshwa tanakali za sauti kama orodha ya mtihani, kisha huziacha langoni mwa chuo wanapotoka.

Chukua mtaa wa Woodley, kando ya Barabara ya Ngong. Alfajiri kwarara hupita juu ya mapaa wakipiga kelele zao za ugomvi. Baadaye makanga huanza kuita abiria, wauzaji wa soko la Toi hupaza bei, na upande wa Kibera garimoshi hupiga honi likipenya katikati ya vibanda. Mkaazi wa hapo akiisikiliza Peel ana haki ya kuuliza jambo ambalo mgeni hawezi kuliuliza: mji wangu umefichwa humu, au umefutwa? Yamkini atalalamika kwamba mivumo imetandazwa kwa unene mno hata Nairobi ikawa mji wowote ule. Lalamiko hilo, likiandikwa kwa hoja, lingekuwa uhakiki wenye thamani kuliko sifa nyingi ambazo albamu hii imemiminiwa.

Kamaru mwenyewe amelikaribia suala hili kwa njia nyingine. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022 alitumia sauti kutoka hifadhi ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako sauti zilizorekodiwa Afrika zimehifadhiwa mbali na wenyewe. Anayeandika kibandiko cha kasha ndiye huamua kitakachosikika ndani yake. Nyokabi Kariũki, Mkenya mwingine katika uwanja huuhuu, alitoa peace places: kenyan memories mwaka huohuo wa 2022, na humo Kiswahili chenyewe kinasikika. Huyo naye angali anamsubiri mhakiki wake wa Kiswahili, ingawa maneno anayo.

Semina moja ya uzamili ingetosha kuanzia. Wanafunzi wapewe vipande sita vya Peel, wakatazwe kutumia istilahi ya kigeni hata moja, na waulizwe kila kipande kinavuma, kinatutuma au kinahanikiza, na ni katika dakika ya ngapi kinapobadilika.