Urefu peke yake hautoshi
Baada ya swala ya Alasiri hapa Musoma, mzee mmoja kutoka Bunda aliniuliza: je, amruhusu mwanawe aache shule kwa ajili ya mpira wa kikapu?

Nilimtajia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Wengi humkumbuka kwa urefu wake tu, ilhali njia yake ilipita darasani: sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alikocheza misimu 3. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa 2. Stephen Curry alikuwa wa 7. Kabla mwaka haujatimia alipelekwa ligi ya chini, na tangu 2014 hakucheza tena NBA.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza shule zinafunguliwa lini.