Ndoo Moja Ngazini



Mwezi uliopita, baada ya Sala ya Alasiri, muumini mmoja wa msikiti wetu aliingia katika ofisi ya kamati akaniomba nimwandikie barua. Nyumbani kwake lipo bwawa la kuogelea alilowajengea watoto wake, na kwa wiki kadhaa maji yake yalikuwa yakishuka kila siku kadiri ya upana wa kidole gumba. Ankara ya maji ilikuwa imepanda. Mhusika alikwisha kumpata: mlinzi wake wa usiku, ambaye naye ni muumini wetu, na ambaye alimtuhumu kuwauzia maji watu wa mikokoteni. Alikwisha kuzuia nusu ya mshahara wake na kulisema jambo hilo mbele ya majirani barazani. Sasa alitaka kamati ishuhudie kwa maandishi kwamba anamfukuza kwa wizi.

Nilimwuliza iwapo aliwahi kuuona mkokoteni hata mmoja. Hakuwahi. Hata hivyo sikuweza kumwambia kuwa haiwezekani. Maji ya bwawa la kuogelea hayafai kupikia, lakini wafyatua matofali hawachagui. Nilichomwambia ni kwamba barua ingesubiri siku tatu, na kwamba katika siku hizo mlinzi asiondolewe zamuni.

Mwaka jana hodhi la msikiti wetu lilitusumbua vivyo hivyo, na fundi aliyekuja kulikagua alianza kazi yake kwa ndoo tupu. Alitueleza kuwa maji yaliyo wazi hupungua hata pasipo tundu, kwa kuwa jua na upepo huyageuza mvuke. Kiasi hicho huweza kufika milimita kadhaa kwa siku, na huzidi msimu wa kaskazi. Mtu akitazama bwawa kwa macho hawezi kujua ni kiasi gani kimechukuliwa na jua na ni kiasi gani kimepotelea ardhini. Ndoo huvitenganisha viwili hivyo, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hupigwa na jua lile lile na upepo ule ule, lakini hayana pa kuvujia.

Basi tulifanya hivi. Ndoo ya lita 20 iliwekwa juu ya ngazi ya bwawa, ndani yake likatiwa jiwe ili isielee. Ikajazwa maji ya bwawa lenyewe hadi usawa wa ndani ukalingana na usawa wa nje, kisha zikapigwa alama mbili, moja ndani ya ndoo na moja nje. Bomba la kujazia likafungwa, watoto wakakatazwa kuogelea. (Mvua ikinyesha, siku hiyo haihesabiwi, huanzwa upya.) Nilishikilia kwamba alama zipigwe na zisomwe mbele ya wote wawili, tajiri na mlinzi, wala asiwepo mmoja peke yake.

Siku ya kwanza pampu iliachwa ikifanya kazi saa 24. Maji ya ndoo yalishuka milimita 5, ya bwawa milimita 22. Tofauti ni milimita 17. Bwawa lile lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kwa hiyo kila milimita moja ni lita 50. Zilizopotea ni lita 850 kwa siku moja, ambazo kwa mwezi hufikia uniti 25 na nusu za dira. Ndugu yetu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya pili pampu ilizimwa, mlinzi akiwa yule yule. Ndoo ilishuka milimita 5, bwawa milimita 6. Nikamwuliza: ni mwizi gani huyu aibaye pampu ikiwashwa tu?

Hapo njia ilikuwa imefunguka. Upotevu unaozidi pampu ikiwa inazunguka huelekeza kwenye mabomba yanayosukuma maji kurudi bwawani, au kwenye chujio. Ukizidi pampu ikiwa imezimwa, shuku bomba la kunyonya. Mara nyingi mapovu ya hewa hutokea bwawani pampu inapowashwa. Ukiwa sawa hali zote mbili, ila huenda iko katika ukuta, sakafu au kando ya taa. Hapo huachwa maji yashuke na kutazamwa yanasimama usawa gani, kwa kuwa aghalabu tundu huwa karibu na usawa huo. Kisha, maji yakiwa yametulia kabisa, hudondoshwa rangi ya chakula karibu na ufa unaoshukiwa. Ikivutwa ndani, umepata. Lakini msikimbilie kulikausha bwawa lote, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari. Maji ya chini ya ardhi yakiwa juu huweza kuliinua na kulipasua bwawa tupu.

Katika bwawa la ndugu yetu tatizo lilikuwa mpira wa ndani ya vali ya chujio. Ulikuwa umechakaa, na muda wote wa kuchuja ulipitisha maji kwenye bomba la kutolea uchafu, ambalo huishia kwenye shimo lililofunikwa zege. Hakuna aliyeyaona wala kuyasikia. Fundi aliubadilisha asubuhi moja, na jaribio la ndoo liliporudiwa pampu ikiwa imewashwa, tofauti ilikuwa milimita 1.

Mlinzi alirejeshewa nusu ya mshahara wake siku hiyo hiyo. Aliipokea, akahesabu, kisha akasema hilo halikuwa deni lote, kwani maneno yalisemwa barazani na yeye hajui yamefika wapi. Jumamosi baada ya Isha, mwenye bwawa aliwaita majirani wale wale, akaeleza habari ya mpira uliochakaa na akamwomba radhi mbele yao. Walihudhuria wanne, wa tano alikuwa amesafiri. Mlinzi ameniambia anamsubiri arudi.